Njia ya Mizigo Aliyoipita Kiogora

Kompyuta haibishi. Ukiilisha upuuzi, inauhifadhi, tena kwa heshima zote. Nurto alikuja kulijua hilo maji yakiwa yamemfika shingoni.

Kazi yake, katika ofisi ya kampuni ya utalii mjini Meru, ilikuwa kuingiza kwenye mfumo ramani ya njia za mizigo. Wageni huendesha baiskeli kutoka Kanyakine hadi Kibugu, na mabegi yao hutangulia kwa gari. Miezi yake mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha siku ambayo ramani hiyo ingetumika mara ya kwanza. Bosi, Bi Veronicah, hakuzunguka mbuyu: mabegi yakifika salama, umeajiriwa, yakipotea, kwaheri. Nurto aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote.

Aliyeharibu ni Kiogora, dereva mzee, aliyetumwa kuipita njia huku simu ikiirekodi. Kiogora ni mtu wa watu. Hapiti boma analojulikana bila kuingia kunywa chai, na wapi hajulikani? Simu ikarekodi vituo vinane, na Nurto, bila kuuliza, akavihifadhi vyote.

Siku ya safari Kiogora alikuwa likizo, gari likachukuliwa na Roble, dereva mpya kutoka Maua, mtu wa kufuata maagizo neno kwa neno. Mfumo ulimwambia kila kituo kipokee mzigo na mwenye nyumba atie sahihi. Basi kila boma akashusha begi moja.

Nurto alipogundua, alimpigia Mama Ciakuthii wa kituo cha kwanza, akamwomba begi.

"Begi la mgeni limeshaingia ndani," mama akasema. "Nitalitoaje mwenyewe hajakula? Watu waseme nimefukuza mgeni? Na kuku nimeshachinja."

Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa ameenda kuazima godoro.

Jamani, wewe ungefanyaje? Mabegi yakikataa kutoka, ni wageni watakaohamishwa. Nurto alifuta hoteli ya Kibugu walikotarajiwa kulala, akamtumia kila mwendesha baiskeli ramani ya boma lenye begi lake. Kufikia jioni wageni wote saba walikuwa wameoga, wanakula mukimo.

Ndipo Roble akapiga simu kutoka kituo cha nane, kwa Mzee Nyamu. Mabegi yalikuwa yameisha, mzee amepika, na safari haifungiki kwenye mfumo bila sahihi. Mzee naye hatii sahihi kwa kitu ambacho hajapokea.

Bi Veronicah, aliyekuwa amesimama nyuma akisikia kila kitu, alichukua funguo za gari. Walisafiri zaidi ya saa mbili. Simu ya Bi Veronicah ililia mara saba njiani, ujumbe baada ya ujumbe kutoka kwa wageni, naye akiusoma kila waliposimama. Nurto alijua ni malalamiko. Alikuwa ameshaanza kupanga atakavyomwambia mamake.

Mzee Nyamu alikuwa langoni. Bi Veronicah akamsukuma Nurto mbele.

"Mzee, pokea mzigo wako."

Mzee akamkagua juu mpaka chini, akachukua simu ya Roble. Penye hali ya mzigo akaandika: mzima, ila ana njaa. Kisha akakwama.

"Hapa wanauliza mwenyewe ni nani. Huyu ni wa nani?"

Nurto akainamisha kichwa. Bi Veronicah akaichukua simu, akaandika jina la kampuni.

"Ni wetu," akasema. "Wageni wote saba wameniandikia asante. Tia sahihi, Mzee, chakula kinapoa."