Mlango wa Seremala

Siku ile mjinga alikuwa seremala mwenyewe, wala hakuhitaji shahidi. Mwenye nyumba alikuwa ameung'oa mlango wa chumba alichompangisha ili familia ihame yenyewe, bila amri ya mahakama, na sasa watoto walikuwa wanalala nyuma ya shuka. "Fundi milango, mlango wako uko wapi?" majirani walimtania. Kuchonga mwingine angeweza, ila mwenye nyumba aliapa kuung'oa na huo.

Mkewe ndiye aliyemburuta hadi ofisi ya msaada wa sheria wa bure, chumba chenye benchi moja na feni inayokohoa. Wakili alikuwa mama mfupi mwenye mafua. Seremala akamnong'oneza mkewe, "Rahisi huvunja upishi. Wakili wa bure atatufaa nini?"

Ghafla wakili akamtolea macho. "Wewe mlevi! Mlango umeuvunja mwenyewe, ukaufanya kuni!"

"Huyu keshanunuliwa!" Seremala akainuka, akagonga kichwa kwenye rafu ya mafaili, akashika njia.

Mkewe akamdaka shati. "Baba watoto, rudi! Hata waliotutangulia kawafokea hivyo hivyo. Anaigiza adui yako ujifunze kumjibu, nawe unamkimbia!"

"Afadhali unikasirikie mimi kuliko kukasirika mbele ya hakimu," wakili alisema, akipenga kamasi. "Haya, tena!" Wakarudia mpaka hasira ikaisha makali.

Mahakamani, mwenye nyumba akasimama ndani ya suti yake: "Huyu ni mlevi. Mlango ameuvunja mwenyewe, akaufanya kuni."

Neno kwa neno! Seremala akayatambua maneno ya wakili. Akajibu taratibu, kama anayepokea oda ya kiti: "Mheshimiwa, bawaba zilifunguliwa kwa bisibisi. Mlevi huvunja, hakai kufungua skrubu." Hakimu akazitazama picha za fremu ya mlango alizopiga wakili, akaandika.

Kisha wakili akainuka. Loo, kumbe yule mama alikuwa mrefu! Aliuliza swali jembamba, akaleta jingine juu yake, kama randa inavyopita kwenye ubao, na uongo ukawa unadondoka maranda kwa maranda. Seremala alisahau kufunga mdomo. Yote haya kwa ajili yake, mtu wa kulaza watoto nyuma ya shuka!

Mwenye nyumba alipobanwa akabadili wimbo. "Haya, niliung'oa mimi. Kwani kuna ubaya gani? Chumba kina joto, nimewaingizia hewa. Wanalala vizuri kuliko mimi!"

"Basi, mheshimiwa hakimu," wakili akasema, "tunaomba mlango wa kwake uhamie kwao leo hii, na yeye alale vizuri."