Bilauri Iliyofudikizwa

Asubuhi ile Kusum alikuwa anapaka kilima rangi kwa manjano ya jikoni. Penseli yake ya njano ilikuwa imebaki kipande cha kushikwa kwa kucha, basi akachota manjano kidogo kwenye kopo la mama, akachanganya na maji, akachovya pamba. Kilima kikatoka kizuri kuliko kile cha kweli. Kile cha kweli, kule kijijini kwa kina Ritika, rafiki yake wa shule, kimejaa mavi ya nyati yaliyoanikwa yawe kuni, na mbuzi wanakipanda wanavyotaka.

"Umenimalizia manjano," mama yake akasema. Alikuwa mlangoni na fagio lake refu, anatoka kwenda kazini. "Leo tutakula dengu nyeupe kama za mgonjwa."

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo. Haya, na ukifika kule kwa kina Ritika?"

"Naitwa Kusum Kumari."

"Wakiuliza, Kumari wa kina nani?"

"Baba yuko Gurgaon, anafanya kazi kiwandani."

"Basi. Na usiguseguse vitu vya jikoni kwao."

Mama akaondoka kuelekea upande wa kaskazini wa kijiji, kwa wenye mashamba, anakofagia mazizi ya nyati. Wao kina Kusum wanakaa kusini. Watu wa tabaka lao, wanaohesabiwa najisi, wamewekwa kusini tangu enzi za mababu, eti upepo ukivuma usipite kwao kwanza ndipo ufike kwa wakubwa. Kila mtu pale kijijini anajua nani ni nani. Lakini Ritika ni wa kijiji kingine, wamekutana shule ya sekondari, na Ritika hajawahi kuuliza. Siku ya kwanza tu alijikalisha kwenye benchi lake, akafungua kopo la chakula la Kusum bila hodi, akala achari ya embe yote. "Mama yako mchawi," akasema, anaramba vidole. "Kesho leta mbili." Na Kusum, ambaye hakuwahi kuona mtu wa tabaka la makuhani akila chakula cha mkono wa mama yake, alikwenda chooni akalia kidogo, kisha akarudi darasani.

Sasa walikuwa na kazi ya pamoja. Kesho yake, Jumatatu, shule zote za wilaya zingekutana mjini Hisar kwa mashindano. Ilikuwa lazima waende wawili wawili; mmoja asipotokea, mwenzake anakaa pembeni anatazama wengine. Wao walichagua Bibi wa Kilima. Hilo ni jina walilompa watoto yule mwanamke wa zamani, ambaye wataalamu walimfukua pale kilimani akiwa mifupa mitupu, na bangili za kombe mkononi. Mwalimu wao aliwaeleza kwamba watu wa kilima walikuwepo kwanza na miji yao ya matofali. Miji ikafifia, ndipo wakaja wafugaji kutoka nyika za mbali huko kaskazini, na farasi wao na nyimbo zao. Wakaoana. Kwa muda mrefu sana wakaoana wao kwa wao, hata leo damu zote mbili zimo kwa kila mtu, awe wa kaskazini ya kijiji au wa kusini. Baadaye watu wakaacha. Kila kundi likafunga mlango wake, likaoa ndani, likala ndani.

Kusum akakunja chati yake ya kilima, akaifunga kwenye baiskeli, akaenda.

Bibi yake Ritika alikuwa kibarazani, mjane wa sari nyeupe, anachambua mbogamboga kwenye sinia. Akamtazama Kusum kuanzia kandambili hadi utepe wa nywele.

"Karibu, binti. Wewe wa nani?"

"Wa Ramphal, bibi. Shikamoo." Akainama kugusa miguu yake, lakini akaishia hewani, kama anavyofanya siku zote.

"Ramphal yupi? Wa ukoo gani?"

"Bibi, jamani!" Ritika akatokea ndani mbio, mikono imejaa wino. "Huyu ni rafiki yangu, si nyati wa mnadani. Unataka kumhesabu na meno?"

Bibi akacheka hadi akashika mbavu. "Mwone huyu! Nani atakuoa na mdomo huo?"

"Farasi. Nimechora sita, nitachagua mmoja."

Ritika alikuwa amechora farasi kweli, lakini walionekana kama mbwa walioshiba. Kusum akajaribu kutocheka, akashindwa. Walikaa sakafuni asubuhi nzima. Kilima cha Kusum upande mmoja, farasi wa Ritika upande wa pili, wakaziunganisha karatasi kwa gundi ya unga wa ngano, wakakanda pale kati kwa viganja mpaka mshono usionekane.

"Kwa hiyo," Ritika akasema, "mimi na wewe ni ndugu. Hatujui tu kupitia bibi yupi."

"Si huyu wa nje," Kusum akanong'ona, wakaangua kicheko.

"Sisi hatukuja na farasi wala punda!" bibi akajibu kutoka kibarazani, masikio yake yalikuwa mazima. "Sisi makuhani tulitoka kinywani mwa Muumba. Andikeni hilo!"

Baadaye bibi mwenyewe akawaletea chakula. Mkate wa uwele na samli, sukari guru, na mtindi mwepesi kwenye bilauri za chuma zinazong'aa. Bibi alikuwa amempenda mgeni. Akamwongezea samli kijiko cha pili. "Kula, umekonda kama uzi. Huyu wetu anakula kama jeshi." Kusum akala. Akasahau la mama. Aliegemea ukuta, miguu imenyooshwa, mtindi umemwachia ndevu nyeupe, na kwa mara ya kwanza kwenye nyumba ya namna ile hakujiona mgeni wala mtumishi.

Labda ndiyo maana. Mtu akiwa na hofu anajichunga. Akitulia, mwili unafuata njia yake ya siku zote. Alipomaliza kunywa, Kusum akainuka na bilauri yake, akatoka uani hadi bombani. Akaisugua kwa majivu, akaisuuza mara mbili. Halafu akaenda nayo kwenye ukuta wa zizi, akaifudikiza peke yake juu ya tofali lililotokeza, mbali na vyombo vingine.

Ndivyo alivyofundishwa tangu anatambaa. Kule anakofagia mama kuna bilauri yao, inakaa nje kwenye ukuta wa zizi. Ukinywa, unaiosha mwenyewe, unaifudikiza mwenyewe, ili mwenye nyumba asije akaigusa. Mgeni wa kawaida haoshi chombo. Mgeni anakiacha pale pale alipokaa.

Akageuka. Bibi alikuwa amesimama na sinia mkononi. Hakuwa akimtazama Kusum, alikuwa akiitazama bilauri.

Hakufoka. Ingekuwa afadhali afoke. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Jua limepanda, binti. Mama yako atakuwa anakungoja." Akaingia ndani, akatoka na vitumbua vya dengu vimefungwa kwenye gazeti. "Shika."

Kusum akakinga viganja viwili pamoja. Bibi akakiachia kifurushi kutoka juu, kikaanguka, pu, vidole vyake havikukaribia.

"Mbona anaondoka?" Ritika akauliza. "Bibi, bado hatujafanya mazoezi ya kusema!"

"Wewe njoo ndani."

Kusum akapanda baiskeli. Alipofika kwenye kona ya kilima ndipo akakumbuka chati. Akasimama pale na mguu mmoja chini, anajishauri. Bila chati hakuna Hisar. Akarudi.

Lango lilikuwa wazi kidogo, na aliisikia sauti ya bibi kabla hajaona kitu. "Mwaka mzima! Mwaka mzima unakula achari ya watu wale, unaniletea mdomo huo huo humu ndani, unanibusu nao! Shika vizuri, igeuze. Na upande ule."

Ritika alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la uani. Ameshika koleo, na kwenye koleo ilikuwa ile bilauri, anaichoma motoni ili itakasike. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. Lakini mkono wake ulikuwa unageuza, pole pole, pande zote, kama mtu anayechoma mkate na hataki uungue.

Akainua macho. Wakatazamana, pale penye uwazi wa lango. Kusum alingoja. Neno lolote lingetosha, hata ishara ya kichwa tu. Ritika akainamisha uso, akaigeuza bilauri tena.

Nyumbani, mama aliona gazeti la vitumbua halijafunguliwa. Akamtazama binti yake, akakiweka kifurushi juu ya rafu.

"Walijuaje?"

"Niliosha bilauri."

Mama akakaa chini taratibu, fagio bado mkononi. "Mimi ndiye niliyekufundisha," akasema.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Kusum alipoomba simu ya mama, ile yenye ufa kiooni. Akaandika: *Nilikuona.* Akafuta. Akaandika: *Najua si wewe, ni bibi.* Akaitazama sana ile, maana hakuwa na hakika kama ni kweli, akafuta. Kucha zake zilikuwa bado na manjano. Mwishowe akaandika:

*Chati imebaki kwako. Uje nayo kesho? Basi linaondoka saa kumi na mbili. Nitakuwekea nafasi, na mama ameweka achari.*

Akatuma. Alama mbili zikatokea, zikageuka bluu pale pale. Juu ya kioo pakaandikwa kwamba Ritika anaandika. Halafu maandishi yakapotea. Kusum akaiegemeza simu kwenye kopo tupu la manjano, akakaa anaitazama.