Divai ya Misa ya Nikolaus

Mtungi wa divai ulimponyoka Paskalia, mtunza altare, alfajiri, ukavunjika, na divai yote ikanywewa na mchanga wa uani. Lo! Na siku yenyewe ilikuwa ya misa ya kumwombea mumewe, marehemu Nikolaus.

Vita vilikuwa vimezuia meli za kutoka Ulaya, ndiyo maana Padre Anselmi alipanda mizabibu yake nyuma ya kanisa la Kisarawe. Tena zabibu nyeupe, ili divai isiache madoa kwenye vitambaa vya altare. Haya yalikuwa mavuno ya kwanza. Paskalia angemwambia nini? Misa iahirishwe, na ndugu wa marehemu wameshafika kwa miguu kutoka Masaki? Akakimbilia kwa Kibwana mgema, akachukua tembo la mnazi lililogemwa asubuhi ile, akalichuja, akalitia kwenye chupa ya altare. Alijua fika kwamba bila divai ya zabibu misa si misa. Akalitia hivyo hivyo.

Padre alipokunywa alisita kidogo, na Paskalia akatamani ardhi immeze. Lakini Padre hakuwahi kuonja tembo maishani. Yeye alilikemea tu mimbarini.

Baada ya misa alimfuata, machozi ya furaha yakimlengalenga. "Mama Paskalia, zabibu zetu zimekubali! Nikolaus amepata misa njema."

"Asante, Padre."

Ndugu wakampa mkono mmoja mmoja, wakimwambia sasa mzee amepumzika. Aliwaitikia wote, na ni yeye peke yake aliyejua kwamba Nikolaus bado yuko nje, anangoja mlangoni.