Dodoso la Fulana

Chama cha wafanyakazi kilipoamka usingizini, kiliamka na karatasi. Katibu wa tawi aliingia kiwandani na bunda la madodoso kwapani, shati limepigwa pasi mpaka linakaribia kukata mtu, akatangaza kwamba sasa wanachama watasikilizwa.

"Kila mtu ajaze peke yake. Ni siri."

Mzee Rangi, ambaye mikono yake ilishakataa kutakata, aliipokea yake kwa ncha za vidole. Karatasi alizijua. Mkewe alipokuwa akikohoa katika chumba cha kutia vitambaa rangi, alijaziwa karatasi mpaka akaingia kaburini. Feni ya kutolea mvuke ilikufa kabla yake, na hakuna mkubwa aliyeizika wala kuifufua. Sasa wakubwa hao hao, na elimu yao yote, wamemhamishia binti yake chumba kile kile. Wiki haijaisha, naye ameanza kukohoa.

Lakini pale kiwandani hakuna aliyejibu karatasi peke yake. Wenye miwani walikuwa wachache, wenye kalamu wachache zaidi. Karatasi ilisomwa kwa sauti wakati wa kula, na jibu likawa la wote. Msomaji alikuwa mama mpiga pasi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

"Je, chama kinakufikia?"

"Kinaufikia mshahara wangu kila mwezi, hakijawahi kupotea njia!"

"Umeridhika na uongozi?"

"Uongozi wenyewe umeridhika, inatosha!"

Wakacheka. "La mwisho: ungependa fulana za chama ziwe za rangi gani?"

Binti alitaka kujibu, kikohozi kikamtangulia. Akainama, akashika meza. Kicheko kikakatika.

"Baba, maji."

Mzee alimpa maji. "Andika feni," akamwambia mama mpiga pasi.

"Mzee wangu, hapa wanauliza rangi."

"Wao wana haki ya kuuliza upuuzi, mimi sina haki ya kujibu la maana? Andika feni."

Mama mpiga pasi akaandika. Akavuta karatasi ya jirani, akaandika tena, na tena, mpaka wino ukaisha.

Siku ya matokeo, Katibu alisoma mbele ya meneja na wafanyakazi bila kupitia kwanza, maana kusoma majibu ya watu hakukuwa desturi ya chama.

"Kuhusu fulana, karibu wote wamechagua rangi ya... feni." Akageuza karatasi, labda rangi iko nyuma. "Majibu yameharibika. Tutaleta dodoso jingine."

"Lete," alisema Mzee Rangi. "Tunalingojea hapa hapa."

Akaketi sakafuni, mgongo kwenye mlango wa chumba cha rangi. Kazi ingeweza kumponyoka, alijua. Ila binti yake asingepita bila kumruka baba, na hilo asingelifanya.

"Sogea, mzee, umekaa kama mlango ni wa kwako," alisema mama mpiga pasi, akaketi kando yake. Wengine wakafuata. Walikwisha kusema pamoja; kuketi pamoja hakukuwa kazi.

Meneja akamgeukia Katibu. "Umewafanya nini watu hawa?"

"Nime... nimewashirikisha," alijibu Katibu.

Siku hiyo hakuna kitambaa kilichotiwa rangi; kesho yake fundi alifunga feni mpya. Katibu naye akaja na mpiga picha, akitaka kupeana mkono na Mzee Rangi chini ya feni hiyo, eti ni matunda ya dodoso.

"Peana mkono na feni," mzee alimwambia, wala hakugeuka.

Alikuwa mlangoni, ametega sikio. Ndani binti yake alikohoa mara moja, akanyamaza. Feni ikanguruma. Mzee hakuondoka, alingoja asikie kama kikohozi kitarudi.