Ngoro Sita Mchangani

Gaudiosa wa Matiri akikimbia mita elfu moja na mia tano, wenzake hugombea nafasi ya pili. Asikudanganye mtu. Lakini safari hii mashindano ya shule yalipangwa Mbaha, chini huko ziwani, kwenye joto lisilo na adabu. Akatangulia siku tatu kwa shangazi yake, Ephrasia, alizoee. Na siku zake nazo zikawa zinakaribia.

Kila mwezi, kabla ya hedhi, tumbo humjaa, kiuno humkaza, na hasira humpanda bila sababu. Kwao, kwenye baridi, dawa yake ni jembe: huchimba ngoro, mashimo ya kuzuia udongo wa shamba usichukuliwe na mvua, na mama yake mlimani mpaka kiuno kiachie. Shangazi hakutaka kusikia hayo.

"Lala, mwanangu. Mgonjwa haulizwi uji."

Basi akalala. Siku tatu mkekani, jasho likimtiririka, akinuna, hata nzi akamliza. Jioni ya tatu Mwalimu Herieth, aliyefika na timu ya shule yao, akapita, akamwona.

"Kesho saa mbili nikikukuta umelala, anakimbia Luisa badala yako."

Loo! Maneno hayo yalimchoma kuliko kiuno. Kulipopambazuka akachukua jembe la shangazi, akaingia kando ya mihogo. Mikono ilijua kazi yake: akafyeka nyasi, akazipanga miraba, akazifukia kwa udongo wa katikati. Likabaki shimo. Akachimba la pili, mpaka la sita. Kiuno kikaachia.

Shangazi akatoka na ufagio. "Mama yangu! Ngoro kwenye mchanga? Zinazuia udongo wa mlima gani hapa?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Gaudiosa naye akacheka, mara ya kwanza tangu afike.

"Mlima nimekuja nao, shangazi."

Saa mbili Mwalimu alimkuta amefunga viatu. Tumbo lilikuwa bado linamuuma, tusidanganyane, lakini mzunguko wa mwisho alimpita wa mbele na hakugeuka nyuma. Shangazi alikimbia kandokando ya uwanja, kanga inamdondoka, akipiga kelele: "Wa kwetu huyo! Wa Matiri!"

Jioni mume wa Ephrasia akataka kuyafukia yale mashimo.

"Ole wako," akasema Ephrasia. Miaka ishirini tangu aolewe ziwani hakuwa amechimba ngoro hata moja. Akamnyang'anya jembe, akajifunga kanga kiunoni, akaanza la saba.