Shada la Maua na Fainali ya Saa Nane

Kwa mkuu wake wa kazi, Harim alisema Jumamosi ana harusi. Kwa bibi harusi, alisema baada ya harusi ana kazi. Kwa mwenzake wa mpira wa vinyoya, alisema yuko huru siku nzima. Hakumdanganya hata mmoja kwa nia mbaya. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa, na alikuwa amekwisha kujifunza kwamba mtu akisema ana harusi watu humwachia, akisema ana kazi watu humwonea huruma, lakini akisema ana mpira wa vinyoya watu humwuliza kama hawezi kuucheza siku nyingine.

Siku nyingine haikuwepo. Mashindano ya vilabu vya mji wa Wonju hufanyika mara mbili kwa mwaka, na Jumanne iliyofuata Dada Malsun angelazwa kufanyiwa upasuaji wa goti.

Dada Malsun ndiye aliyecheza na Harim wawili wawili. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, akiuza mboga zilizochachushwa sokoni, na mwanachama yeyote mpya aliyejisahau akamwita mama alikabidhiwa ufagio na ndoo. Klabu yao ilicheza saa kumi na mbili asubuhi katika ukumbi wa shule. Ukutani palitundikwa ubao wenye vibao vya majina, daraja A juu, kisha B, C na D, na chini kabisa wale wanaoanza. Kibao cha Malsun kilikuwa kimekaa chini kabisa kwa miaka saba. Watu waliokuja wakiwa hawajui hata kushika raketi walipanda wakamwacha. Aliyeshinda fainali ndiye aliyepanda, hakukuwa na njia nyingine.

"Ukishapanda hushushwi," alimwambia Harim. "Hata nikirudi na fimbo, nitarudi na fimbo ya daraja D."

Kuhusu harusi, Harim hakuwa na kisingizio. Bomi alikuwa rafiki yake tangu sekondari. Jambo la shada la maua analotupa bibi harusi hupangwa mapema, nani atalishika na atasimama wapi, ili picha itoke vizuri. Aliyepangwa alikuwa Eunchae, ambaye naye angeolewa majira ya kuchipua. Wiki mbili kabla ya harusi Eunchae akaachana na mchumba wake, akasema hataki hata kuyaona maua. Bomi akampigia Harim simu kazini.

"Utalishika wewe."

"Mimi hata mchumba sina. Si wanasema ukilishika usipoolewa ndani ya miezi sita unakaa miaka sita?"

"Kwani sasa hivi una haraka ya kwenda wapi?"

Harim alicheka kwa sababu mkuu wa kitengo, Bwana Pyo, alikuwa anamtazama. Kisha akakubali.

Ratiba ilipotoka Alhamisi, aliiona kama zawadi. Mechi za makundi zilikuwa asubuhi, harusi saa sita na nusu, na fainali, kama wangefika, saa tisa. Kutoka ukumbi wa harusi hadi ukumbi wa michezo ni dakika ishirini kwa teksi. Alipiga hesabu mara mbili akaona inatosha.

Jumamosi asubuhi walishinda mechi tatu. Malsun alicheza kama mtu anayefukuza kuku, akisema peke yake muda wote, na goti lake lilifungwa bendeji nene kama mto. Saa tano Harim alioga katika bafu la ukumbi wa michezo, akavaa gauni la kijivu, akapaka wanja mbele ya kioo chenye ufa.

"Unaenda wapi na wanja?" Malsun aliuliza.

"Kula."

"Siku hizi watu wanakula kwa wanja."

Bomi alikuwa ameketi katika chumba cha bibi harusi, gauni limetandazwa kila upande, akipigwa picha na kila aliyeingia. Alimwona Harim, akaacha kutabasamu.

"Nilisema saa tano na nusu."

"Foleni barabarani."

"Wonju ina foleni tangu lini? Na mbona nywele zako mbichi?"

"Nilichelewa kuoga."

"Siku ya harusi yangu." Bomi aligeukia kamera, akatabasamu tena. "Kaa hapa. Karibu. Usiniegemee, utakunja gauni."

Simu ya Harim ilitikisika mkobani. Alikuwa Bwana Pyo. Kampuni yao ilitengeneza vipima shinikizo la damu, na kazi ya Harim ilikuwa karatasi za mizigo ya nje. "Samahani kukusumbua harusini," aliandika. "Harusi za siku hizi ni nusu saa tu. Ukimaliza niangalizie ile orodha ya makontena." Harim aliizima skrini. Ikatikisika tena. "Hata kwa simu inawezekana."

Sherehe yenyewe kweli haikufika nusu saa. Baba wa bwana harusi alisoma nasaha zake, mjomba akaimba, maharusi wakawainamia wazazi, watu wakapiga makofi. Harim alikuwa anapiga makofi simu ilipotikisika tena, na safari hii alikuwa Malsun. Alitoka nje ya mlango akapokea.

"Fainali imesogezwa," Malsun alisema. "Mechi za wanaume zimeisha mapema. Ni saa nane kamili."

"Si walisema saa tisa?"

"Walisema. Sasa wamesema saa nane. Wanaita mara tatu, usipokuwepo umeshindwa. Bado unakula tu?"

"Nakuja."

Ilikuwa saa saba na dakika tano. Picha za familia zingechukua dakika kumi, kisha picha ya marafiki, kisha shada. Bado ingewezekana, kama familia ingekuwepo. Lakini wajomba wa bwana harusi, mara tu baada ya makofi, walikuwa wameteremka wote kwenye ukumbi wa chakula. Mpiga picha alisubiri. Mfanyakazi wa ukumbi alitumwa chini akarudi na mmoja, akatumwa tena akarudi na wawili, mmoja wao anatafuna. Shangazi mmoja akasema hawezi kupigwa picha bila mjomba aliyetoka mji wa Busan. Mjomba wa Busan alikuwa chooni.

Marafiki walipopangwa kwenye ngazi ilikuwa saa saba na nusu. Harim aliwekwa mbele, hatua nne nyuma ya Bomi, na watu wakajipanga pande zote mbili.

"Bibi harusi, tupa juu, usitazame nyuma," mpiga picha alisema. "Dada wa gauni la kijivu, pokea kwa mikono miwili na ucheke."

Mara ya kwanza shada lilianguka katikati ya njia. Mara ya pili lilipaa likagonga taa, likamwaga petali juu ya bwana harusi. Simu ilikuwa inatikisika mkononi mwa Harim, kwa sababu hakuthubutu tena kuiweka mkobani. Mara ya tatu shada lilikuja juu sana, polepole, likazunguka, na kabla Harim hajafikiri mkono wake wa kulia ulikuwa umepanda juu ya kichwa ukalipiga kwa kiganja. Lilirudi lilikotoka. Likamgonga Bomi mgongoni.

Nusu ya ukumbi ilicheka.

"Dada," mpiga picha alisema, "unashika. Hupigi."

Bomi aligeuka. "Wewe una nini leo?"

Harim aliitazama saa ya ukutani. Angeweza kusema kwamba ni kazi. Bwana Pyo alikuwa amemwandalia uongo huo tayari, kwa jumbe tisa.

"Bomi, sina kazi leo. Nina fainali ya mpira wa vinyoya saa nane."

"Ya nini?"

"Vinyoya."

"Ule wanaocheza kina mama wa mazoezi ya asubuhi mlimani?"

"Ndiyo, huo."

"Uliniambia una kazi."

"Ningesema mpira ungeniruhusu niondoke?"

"Nisingekuruhusu."

"Basi ndiyo sababu."

Bwana harusi, kijana mpole mwenye petali begani, alisogea. "Mpenzi, mwache tu aende."

"Wewe nyamaza. Wajomba zako wamekushinda, watano tu." Bomi aliokota shada kwa mkono ulioshikilia pia upindo wa gauni. Uso ulikuwa mwekundu. "Siku moja, Harim. Nimekuomba siku moja. Mtu akiachana na mchumba, sawa, naelewa. Wewe unanikimbia kwa sababu ya mchezo."

"Sikukimbii. Nimesimama hapa tangu saa saba namsubiri mjomba wa Busan."

Mtu mmoja nyuma alikohoa ili asicheke. Bomi alimpa Harim mgongo, akalitupa shada kwa nguvu zake zote, na si kwa juu kama alivyoelekezwa. Liliruka moja kwa moja kama jiwe. Harim alilipokea kifuani kwa mikono miwili.

"Hiyo ndiyo," mpiga picha alisema. "Hapo sasa."

Harim alikuwa amekwisha kuteremka ngazi. Kwenye teksi ndipo alipogundua kwamba bado amelishika lile shada.

Alipoingia ukumbi wa michezo saa nane na dakika tatu, walikuwa wameitwa mara mbili. Malsun alikuwa ameketi katikati ya uwanja, mguu umenyooshwa mbele, anazungusha bendeji taratibu sana kwenye goti. Mwamuzi kijana alimsimamia, mikono nyuma, hajui la kufanya.

"Mama, tafadhali, muda umekwisha."

"Mama yako yuko nyumbani. Unataka nicheze goti likiwa wazi? Likitoka utalishika wewe?" Alimwona Harim na gauni lake la kijivu, viatu vya kuchuchumia mkono mmoja na maua mkono mwingine. Akaacha kuzungusha. "Hiyo ni nini?"

"Shada."

"Unaolewa?"

"Hapana. Nimelishika tu. Ngoja nibadilishe nguo."

Alibadilisha nyuma ya mlango wa stoo. Aliporudi, Malsun alikuwa amesimama, uso ameukunja.

"Ulikuwa harusini."

"Ndiyo."

"Ya nani?"

"Rafiki yangu. Tangu sekondari."

"Na uliniambia uko huru siku nzima." Malsun alisema hivyo bila kupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ungesema, ningemwomba Gyeongja wa klabuni acheze nami. Ningengoja mashindano mengine. Sijawahi kumtoa mtu harusini kwa ajili ya goti langu. Mimi si ombaomba."

"Chezeni," mwamuzi alisema.

Wapinzani walikuwa wauguzi wawili wa kliniki ya meno, wepesi kama paka. Fainali ilikuwa mchezo mmoja wa pointi ishirini na tano, na katika pointi kumi za kwanza Malsun na Harim walipata tatu. Kila kinyoya kilichokuja katikati yao kilianguka hapo hapo, huyu akimwachia yule.

"Hicho kilikuwa chako," Harim alisema.

"Nilidhani umekwenda harusini."

Walipofikia mapumziko, kumi na tatu kwa saba, simu ya Harim ilikuwa inalia kwenye benchi. Aliipokea akiwa anahema.

"Harusi bado tu?" Bwana Pyo aliuliza.

"Imekwisha, Mkuu. Niko kwenye fainali."

"Fainali ya nini?"

"Vinyoya. Orodha nitaiangalia Jumatatu saa mbili." Alikata, akaizima kabisa. Akamgeukia Malsun. "Na wewe sikiliza. Sikuja kwa ajili ya goti lako. Naamka saa kumi na moja kila siku kwa miaka miwili, na jina langu pia liko chini ya ule ubao. Nalitaka hilo daraja. Nalitaka mwenyewe. Sijawahi kumwambia mtu kwa sababu kila ninayemwambia anacheka."

Malsun alikunywa maji, akafunika chupa.

"Basi piga kama mtu anayetaka," alisema. "Unapiga kama mgeni."

Hawakupatana. Waliendelea kulaumiana kila pointi, kwa sauti, mpaka mwamuzi akawaonya, lakini sasa kila mmoja alienda kwenye kinyoya ili mwenzake asipate la kusema. Kumi na tano kwa kumi na tatu, ishirini kwa ishirini. Kwenye ishirini na nne kwa ishirini na nne ilibaki pointi moja tu. Wauguzi walianzisha, Malsun akarudisha, na kinyoya kikaja juu katikati yao kabisa, mahali pale pale.

"Changu," Harim alisema.

Malsun aliinama kumpisha, goti likalia. Harim alikipiga chini. Muuguzi wa kulia alikifikia, akakigusa, na kikaingia kwenye wavu.

Malsun alikaa chini akashindwa kuinuka. "Ninyanyue," alisema. "Usilie, una wanja."

"Silii."

Mezani, mwamuzi aliwapa fomu ya kupandishwa daraja. Malsun alijaza jina lake kwa herufi kubwa, moja moja. Harim aliiwasha simu. Iliita papo hapo. Nyuma ya sauti ya Bomi palikuwa na kelele za sahani.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda."

"Hukula."

"Sikula."

"Eunchae amekula sahani yako. Nimekasirika, Harim. Nitakasirika mpaka nirudi kutoka fungate huko Jeju."

"Najua. Uko sawa."

"Najua niko sawa." Akakata.

"Nani?" Malsun aliuliza.

"Bibi harusi. Amekasirika."

"Ana haki yake. Na mimi bado nimekasirika." Malsun alimsogezea fomu na kalamu. "Weka sahihi hapa kabla huyu kijana hajabadilisha saa tena."