Mshipi wa Nailoni

Mawifi wawili walianza kubishana dukani kabla muuzaji hajamaliza kuwakaribisha. Mkubwa alikuwa mkunga, mwanamke aliyezoea kuamuru chumba kizima na kusikilizwa. Mdogo alikuwa mwoka mikate, mke wa kaka yake mkunga, na tangu harusi alikuwa amechoka kuamuriwa. Walipatana kwenye kuvua tu. Siku za mapumziko walikwenda bwawani na ndoana zao, na mume wa mwoka mikate, fundi redio, akawafuata kupiga kasia kwenye mtumbwi wa kukodi huku akiwatania.

Safari iliyopita kambare mkubwa alikuwa amekata mshipi wa mwoka mikate na kwenda zake na ndoana. Ndiyo sababu walikuwa pale dukani.

"Chukua wa kusuka," mkunga alisema. "Mwembamba, una nguvu, samaki akigusa chambo tu unamsikia mkononi. Hiyo nailoni inavutika kama mpira."

"Ndiyo maana naitaka, wifi. Samaki akishtuka, mshipi unarefuka kidogo, haukatiki. Halafu tunavulia juu ya ukuta wa zege. Uzi wa kusuka ukisugua zege, kwisha habari yake."

"Mimi nimeanza kuvua kabla hujazaliwa."

"Umenizidi miaka minne. Ulikuwa unavulia kwenye beseni?"

Muuzaji aliinama chini ya meza kuficha kicheko. Alipoinuka alimpa mwoka mikate roli ya nailoni iliyokuwa dirishani. Akaikataa, jua lilikuwa limeipausha. Akaomba nyingine kutoka kabatini, akavuta kipande, akakipitisha taratibu kati ya vidole kutafuta mikwaruzo. Akafunga fundo, akalilowesha kwa mate, akavuta kwa nguvu zote. Likashika. Mkunga alimtazama kwa jicho la pembeni, akachukua wa kusuka. 

Mvua ilinyesha milimani wiki nzima. Walipofika bwawani maji yalikuwa mekundu na yamepanda, lakini juu ya ukuta jua lilikuwa linawaka. Wanawake wakakaa kila mmoja na upande wake, wamenuniana. Fundi redio akaingia kwenye mtumbwi na kusogea katikati ya maji.

"Mkishaelewana mniite," alisema.

King'ora kililia. Hakuna aliyekijali, walidhani ni cha kiwanda ng'ambo. Kumbe mlinzi wa bwawa, huko kwenye kibanda chake mwisho wa ukuta, alikuwa anafungua milango ya ukuta ili maji ya ziada yamwagike bondeni.

Mwoka mikate aliona kwanza mshipi wake ukivutwa upande, kisha akaona mtumbwi. Mumewe alikuwa anapiga kasia kwa nguvu, na bado anarudi nyuma. Akalizamisha kasia tena, akaliegemea kwa uzito wote, likakatika. Alibaki ameshika kipande cha mpini, anakitazama kama mtu aliyepewa kitu asichokijua.

"Hajui kuogelea," mkunga alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Najua."

Kutoka milangoni maji yalikuwa yananguruma. Mlinzi asingesikia hata angeitwa jina. Kamba haikuwapo. Mkunga alirusha ndoana yake yenye chubwi, risasi nzito ya kuzamishia mshipi, na kwa bahati ikaangukia ndani ya mtumbwi. Kaka yake akaikamata, akaifunga kwenye ubao wa kukalia. Mkunga akavuta kwa pupa. Mtumbwi ukageuza uso, mshipi ukakazika juu ya ukingo wa zege, ukasugua mara mbili, ukakatika.

Mkunga akabaki na fimbo ya kuvulia mkononi, uzi uliokatika ukipepea.

Mwoka mikate alirusha wa kwake. Chubwi likaanguka majini nyuma ya mtumbwi. Akakunja mshipi, akaona mumewe akisogea mbele ya macho yake kuelekea kwenye ngurumo. Akajilazimisha asubiri mshipi wote urudi kwenye roli. Akarusha tena, mbele zaidi, na mshipi ukalala juu ya mapaja ya mumewe.

"Funga!" alipiga kelele. "Usivute! Niachie mimi!"

Akaanza kutembea kurudi nyuma, kuelekea ufukweni, bila kukurupuka. Mtumbwi ulipojaribu kukimbia, alilegeza, ulipotulia, alivuta. Nailoni ikarefuka, ikawa nyembamba machoni pake hata akaogopa kupumua. Kila hatua mshipi ulikuwa unapita juu ya ukingo uleule.

"Wifi, zege!"

Mkunga alishaelewa. Alivua sweta, akalichovya kwenye ndoo ya samaki, akajilaza kifudifudi na kulibana chini ya mshipi. Mwenzake aliposogea, naye alisogea, akitambaa kwa viwiko, sweta likisogea naye. "Polepole," alikuwa anasema, kwa sauti ile anayowaambia wanawake walio kwenye uchungu. "Polepole, mama. Usisukume. Pumzika. Haya, sasa."

Mshipi ulikata kiganja cha mwoka mikate. Aliona damu ikichirizika mpaka kwenye kiwiko na akaiacha. Fundi redio alikuwa amekaa chini kabisa mtumbwini, anayasukuma maji nyuma kwa viganja viwili, hatanii tena. Mvuto wa maji ukapungua kidogo kidogo, kisha mtumbwi ukaingia kwenye maji yaliyotulia kando ya ngazi ya chuma. Fundi redio akaikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili, akashindwa kupanda. Dada yake alishuka, akamshika ukosi, akamwelekeza mguu mmoja baada ya mwingine.

Alipofika juu alikaa kwenye zege, meno yanagongana juani. Alimtazama mkewe.

"Nilidhani..." alianza.

"Usiniambie kitu sasa hivi," mkewe alisema. "Nyamaza tu. Nitakupiga."

Mkunga alichukua kiganja cha wifi yake, akakiosha kwa maji ya kunywa, akakifunga kwa kitambaa cha kichwa. Mikono yake, iliyopokea watoto wengi bila kutikisika, ilifunga fundo likalegea, ikafunga tena likalegea. Mwoka mikate aliishika kwa mkono wake mzima mpaka ikatulia. Hapo ndipo alipoanza kulia, na mkunga akamvuta kichwa begani.

"Kesho hukandi unga," alimwambia. "Nitakuja alfajiri nikande mimi, wewe utaniamuru."